Kutafuta kazi mpya ya uhandisi wa programu ukiwa bado kazini

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa mhandisi wa programu anayetaka kuhama, maneno hayo yana hesabu ndani yake: ukiwa bado unalipwa unaweza kuikataa ofa mbaya, na ukiwa hulipwi, kila wiki inayopita inakupunguzia ubavu wa kukataa. Shida ni kwamba kazi uliyo nayo inakula saa zako bora. Kampuni moja tu inaweza kukutaka simu ya dakika 30, jaribio la kuandika msimbo la dakika 60, kisha vikao vinne au vitano vya saa moja moja. Zidisha hizo kwa kampuni sita, uone zinatoka wapi.

Dawa yake ni mpangilio. Maandalizi yote yafanyike kwanza, kimya kimya, bila haraka. Milango ifunguliwe baadaye, yote ndani ya wiki mbili au tatu, ili majibu yarudi karibu pamoja. Ofa nyingi huja na siku chache za kuamua; ikifika moja peke yake huku nyingine zikiwa bado hatua ya kwanza, utaamua gizani.

Anza na mkataba ulionao

Kabla ya kugusa wasifu wako (CV), soma mkataba wa ajira uliosaini, pamoja na viambatisho. Tafuta muda wa notisi, kipengele cha kutofanya kazi kwa washindani, kipengele cha kutowavuta wenzako au wateja, umiliki wa msimbo unaoandika nje ya saa za kazi, na sharti lolote la kurudisha fedha za mafunzo, za kuhamia, au bonasi ya kujiunga ukiondoka mapema. Nguvu ya vipengele hivi hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Kipengele kikikutisha, lipia saa moja ya wakili wa mambo ya ajira badala ya kuamini maneno ya wenzako.

Kisha andika tarehe zako kwenye karatasi moja: bonasi inalipwa lini, hisa zako zinakomaa lini (yaani lini zinakuwa mali yako kamili), una siku ngapi za likizo. Mpango wa hisa ulio maarufu hukomaa kwa miaka 4, na hupati chochote kabla ya mwaka wa kwanza kutimia. Anayeondoka miezi 11 baada ya kuanza huacha hisa zote mezani. Kama ulichopewa ni haki ya kununua hisa, angalia una siku ngapi za kuzinunua baada ya kuondoka. Mikataba mingi hutoa siku 90 tu, na ununuzi huo unaweza kuja na kodi.

Kama kibali chako cha kuishi au kufanya kazi kimefungwa kwa mwajiri wa sasa, ulizia utaratibu wa kukihamisha mapema kabisa. Hilo peke yake linaweza kubadilisha kampuni unazoweza kuomba na mwezi unaoweza kuanza.

Tenganisha vyombo

Usitumie chochote cha mwajiri: kompyuta, simu, barua pepe, kalenda, wala mtandao wa ofisini. Laptopu ya kampuni kwa kawaida huwa na programu ya usimamizi, nayo inaweza kurekodi tovuti unazofungua na programu unazoweka. Dirisha la faragha la kivinjari halikufichi. Linachofanya ni kutohifadhi historia ndani ya kompyuta hiyo, lakini mtandao bado unaona unakokwenda. Simu yako binafsi nayo ikiwa imesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni, jua kilichosajiliwa ni nini.

Kinachowafichua watu wengi ni vitu vidogo. Mwaliko wa usaili unafunguliwa kwenye kivinjari chenye akaunti mbili na kuangukia kalenda ya kazini, ambayo timu nzima inaisoma. Faili la wasifu linabaki kwenye folda ya vipakuliwa, kisha linaonekana unapoonyesha skrini yako mkutanoni. Mtu anachukua simu ya usaili katika chumba cha mikutano chenye kuta nyembamba. Kwenye kalenda ya kazi andika tu kwamba una miadi binafsi, usiongeze neno.

LinkedIn inahitaji uangalifu wake. Kwanza zima mpangilio unaowatangazia wenzako kila unapobadilisha wasifu. Alama ya kwamba uko tayari kwa kazi ina njia mbili: ya kuonekana na kila mtu, yenye fremu ya kijani kwenye picha, na ya kuonekana na maafisa ajira tu. Chagua ya pili. LinkedIn hujaribu kuificha isionwe na maafisa ajira wa kampuni yako, ila LinkedIn wenyewe wanasema hawawezi kukuhakikishia faragha kamili, na wakala wa nje anayemhudumia mwajiri wako anaweza kuiona. Kama huwezi kuvumilia hatari hiyo, iache imezimwa na uwatafute watu mwenyewe. Mabadiliko ya wasifu yafanye kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Wasifu uliolala miaka mitatu ukiamka kwa usiku mmoja, meneja makini ataelewa.

Kama utaonyesha miradi yako binafsi, andika `git config user.email` ndani ya kila mradi uone anwani inayotumika. Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, huandika jina na barua pepe ya mwandishi katika kila badiliko (commit), na anwani ya kazini ikiingia humo inabaki kwenye historia. Saa ya kila badiliko nayo inaonekana. Mradi binafsi uliojaa mabadiliko ya Jumanne saa 4 asubuhi unaleta maswali mawili: ulikuwa unafanya kazi ya nani, na msimbo huo ni wa nani. Msimbo wa mwajiri usiuweke popote, hata mistari kumi.

Wasifu

Kaa saa mbili uandike kwa kumbukumbu kila kitu ulichojenga, ulichorekebisha, ulichokiondoa na ulichowafundisha wengine. Usinakili nyaraka za ndani. Kisha chagua mambo matatu hadi matano kwa kila kazi uliyoshika.

Linganisha sentensi hizi. Ya kwanza: "Nilihusika katika kuboresha huduma ya malipo." Ya pili: "Nilipunguza muda wa majibu wa huduma ya malipo kutoka milisekunde 900 hadi 210 kwa kuondoa maulizo yaliyojirudia kwenye hifadhidata na kuongeza faharasa iliyokosekana." Ya pili inampa msaili kitu cha kuuliza, nawe unajua jibu lake. Lakini uwe tayari kuitetea: ulipima wapi, ni wastani au ni asilimia 95 ya maombi, trafiki ilikuwa ileile kabla na baada? Namba usiyoweza kuieleza ni bora isiandikwe. Na kama namba kamili ni siri ya kampuni, tumia uwiano: "kwa zaidi ya robo tatu" inasema jambo lilelile bila kuvunja ahadi ya siri.

Ukurasa mmoja unamtosha mwenye uzoefu wa chini ya miaka kumi; mwenye zaidi aishie mbili. Tumia safu moja, faili la PDF ambalo maandishi yake yanaweza kuchaguliwa kwa kipanya. Baadhi ya mifumo inayosoma wasifu hukoroga mpangilio wa safu mbili, na haioni kitu ndani ya picha. Vipimo vya nyota vya "najua Python kwa nyota nne" viondoe. Havimwambii mtu lolote.

Wiki sita hadi nane za mazoezi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo aliye kazini anapojidanganya. Anajiahidi saa mbili kila jioni, na baada ya siku tatu ubongo uliokwisha kuandika msimbo saa nane unagoma. Saa tano kwa wiki zinatosha zikiwa za kweli: dakika 45 asubuhi kabla ya kazi, mara nne kwa wiki, kisha saa mbili mwisho wa wiki. Wiki ambayo zamu ya dharura ni yako, usipange chochote.

Kwa maswali ya algoriti, yanayojirudia zaidi ni yale ya safu na matini, jedwali la heshi (hash table), viashiria viwili (two pointers), utafutaji wa nusu kwa nusu (binary search), miti, na grafu kwa njia ya kina na ya upana (DFS na BFS). Lundo (heap) na programu badilifu (dynamic programming) zije baadaye. Fanya swali moja kwa dakika 35 ukiwa na saa mbele yako, na useme unachowaza kwa sauti, hata kama uko peke yako. Kimya ndicho kinachowaangusha wahandisi wazuri: msaili hawezi kukupa alama kwa wazo asilolisikia. Ukikwama dakika 20, soma suluhisho, lifunge, na uliandike upya kesho yake bila kutazama, kisha tena baada ya wiki. Maswali 60 yaliyofanywa hivi yana faida kuliko 300 yaliyopitiwa mbiombio. Mazoezi mengine yafanyie kwenye kihariri kisichokamilisha maneno, kwa sababu majaribio mengi hukupa uwanja mtupu.

Usanifu wa mifumo huulizwa zaidi kadiri uzoefu wako unavyopanda. Katika dakika 45, tumia 5 hadi 8 kuuliza mfumo unatakiwa kufanya nini na kwa watu wangapi, kisha fanya hesabu ya haraka. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo maombi milioni moja kwa siku ni kama 12 kwa sekunde, mzigo ambao seva moja ya kawaida mara nyingi hubeba. Rekodi milioni 10 za kilobaiti moja kwa siku ni gigabaiti 10, karibu terabaiti 3.7 kwa mwaka. Hesabu kama hizi zinakuzuia kuchora foleni, kache na hifadhidata sita kwa ajili ya mzigo mdogo, kosa linaloonekana mara nyingi kwa watu waliokariri michoro. Baada ya hapo chora njia ya ombi moja tangu kwa mtumiaji hadi kwenye diski, halafu eleza kitakachovunjika kwanza trafiki ikiongezeka mara kumi.

Aina ya tatu ni maswali ya mwenendo. Andaa visa sita vya kweli kutoka kazini: mvutano na mwenzako, mradi ulioshindwa, hitilafu uliyoisababisha mwenyewe, uamuzi uliofanya bila taarifa kamili, mtu uliyemsaidia akue, na kazi uliyojivunia. Kila kisa kiwe cha dakika mbili au tatu: hali ilikuwaje, ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini, matokeo yakawaje. Waungwana hupoteza alama hapa kwa kusema "tulifanya" mwanzo hadi mwisho. Msaili anataka kujua mkono wako uligusa wapi.

Na swali la kwa nini unataka kuondoka litaulizwa kila mara. Jibu kwa unachokitafuta: mifumo mikubwa zaidi, lugha nyingine, timu yenye watu wa kujifunza kwao. Hata kama sababu ya kweli ni meneja mkali, msaili asiyekujua hana njia ya kupima nani mwenye makosa, na atajiuliza utamsema vipi yeye mwakani.

Kufungua milango

Tengeneza orodha ya kampuni 15 hadi 20. Wiki ya kwanza omba kwenye zile unazozitaka kwa wastani na zile kubwa zinazojulikana kuwa na mchakato mrefu. Wiki ya pili na ya tatu omba kwenye zile za moyoni. Usaili wa kwanza baada ya miaka kadhaa huwa na kutu, na kutu hiyo isiishie kwa kampuni uliyoiota. Hata hivyo, usiombe mahali ambapo usingekubali kwenda. Unawapotezea watu muda wao na wewe wako.

Njia yenye nguvu kuliko fomu za mtandaoni ni mtu aliye ndani. Waandikie uliofanya nao kazi ambao wameshaondoka. Wenzako wa sasa, hata rafiki wa chakula cha mchana, usiwaambie. Si kwamba hawaaminiki. Ni kwamba unawapa mzigo wa siri ambao hawakuuomba, na siku meneja akiwauliza watakuwa njia panda.

Kila afisa ajira unayezungumza naye mwandikie sentensi hii kwa barua pepe: "Bado niko kazini, naomba msiwasiliane na mwajiri wangu wa sasa katika hatua yoyote bila idhini yangu ya maandishi." Kwa mawakala wa nje ongeza kwamba wasitume wasifu wako popote bila kukutajia jina la kampuni kwanza. Kuna sababu mbili: wakala mzembe anaweza kuurusha wasifu huo kwa mwajiri wako mwenyewe, na mawakala wawili wakikupeleka kampuni moja, wanaweza kugombania malipo hadi kampuni ikuache.

Jihadhari pia na waajiri bandia. Mbinu moja iliyowaumiza wasanidi programu ni ya anayejifanya afisa ajira, anayekutumia hazina ya msimbo kama "jaribio" na kukuomba uiendeshe. Ndani yake mna kifurushi chenye programu hasidi inayoiba nywila, funguo za wingu na pochi za fedha za kidijitali. Msimbo wa mtu usiyemjua uendeshe ndani ya kompyuta pepe (virtual machine) isiyo na akaunti zako, baada ya kusoma orodha ya vifurushi na amri zinazojiendesha wakati wa kusakinisha. Kwenye laptopu ya kazi kamwe: hapo utakuwa umemfungulia mwizi mlango wa mwajiri wako.

Usaili bila kuvuruga kazi

Omba nafasi ya asubuhi kabla ya kazi, ya mapumziko ya mchana, au ya jioni. Kampuni zinazoajiri watu walio kazini zimezoea ombi hilo. Usizidishe usaili mmoja kwa siku na mitatu kwa wiki. Mshika mawili moja humponyoka, na kosa la uchovu kwenye seva za kazini litavuta macho kwako wakati usiotaka kutazamwa. Kwa siku ndefu ya vikao vinne au vitano chukua siku ya likizo, au omba vigawanywe siku mbili. Usidanganye kuwa mgonjwa. Mahali pengi huo ni utovu wa nidhamu unaoweza kukufukuzisha, na likizo ni haki yako isiyohitaji maelezo.

Kazi za kufanyia nyumbani zina tabia ya kuvimba. Uliza mapema zinakusudiwa kuchukua saa ngapi, zitapimwaje, na kama unaweza kuwasilisha baada ya mwisho wa wiki. Zaidi ya saa nne, kabla hujazungumza na mhandisi hata mmoja, omba njia nyingine au pita.

Meneja wako akikuuliza uso kwa uso kama unatafuta kazi, si lazima ukiri, wala huna haja ya kusema uongo. Jibu kama hili linatosha: "Kukiwa na uamuzi wowote unaokuhusu, utausikia kwangu mwenyewe."

Ofa ikifika

Shukuru, omba iwe ya maandishi, omba wiki moja. Siku hiyohiyo waarifu wengine walio hatua za mbele kwamba una ofa yenye mwisho wa tarehe fulani, na uulize kama wanaweza kuharakisha. Wanaokutaka mara nyingi hujitahidi.

Soma mshahara wa msingi, bonasi na masharti yake, kipindi cha majaribio, notisi, zamu za dharura na malipo yake, na kipengele cha umiliki wa msimbo wako binafsi. Kama kuna hisa za kampuni isiyo sokoni, uliza jumla ya hisa zote zilizopo na bei ya kununulia. Hisa 20,000 ni asilimia 0.2 ya kampuni yenye hisa milioni 10, na ni asilimia 0.02 ya ile yenye milioni 100. Bila namba ya pili, ya kwanza haina maana. Kisha toa unachokiacha nyuma: bonasi isiyolipwa na hisa zisizokomaa. Hasara hiyo itaje kwa namba unapojadiliana. Kampuni mara nyingi huifidia kwa bonasi ya kujiunga, ambayo kwao ni rahisi kuliko kupandisha mshahara. Ukiulizwa unalipwa ngapi sasa, taja unachokitarajia; zipo sehemu ambako sheria inakataza hata kuuliza.

Kuwa na ofa mkononi bado si ruhusa ya kuacha kazi. Ofa nyingi zina masharti: uhakiki wa historia, marejeo, kibali. Kwa marejeo toa mameneja na wenzako wa zamani, na uombe uthibitisho kwa mwajiri wa sasa ufanyike mwishoni kabisa. Subiri mambo manne yatimie: mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, tarehe ya kuanza, mshahara ulioandikwa, na taarifa ya maandishi kwamba masharti yote yametimizwa.

Kuondoka

Kabla hujasema neno, hakikisha una nakala za vilivyo vyako: mkataba, hati za mshahara, karatasi za kodi na za hisa. Angalia pia akaunti binafsi ulizosajili kwa barua pepe ya kazi au ambazo namba zake za uthibitisho huja kwenye simu ya kampuni, na uzihamishe. Kuna kampuni hufunga akaunti saa ileile unapotoa taarifa, na mtu akajikuta nje ya GitHub yake mwenyewe. Msimbo na nyaraka za kampuni usichukue. Uhamishaji wa faili nyingi katika siku za mwisho huchunguzwa.

Mwambie meneja kwanza, ana kwa ana au kwa simu ya video, kisha mtumie barua siku hiyohiyo. Barua iwe ya mistari mitatu: unaacha kazi, siku yako ya mwisho kwa mujibu wa notisi, asante. Amua mapema utajibu nini ukiongezewa mshahara ubaki. Kama sababu yako ilikuwa aina ya kazi au watu, fedha hizo hazitabadilisha chochote kati ya hivyo.

Katika makabidhiano, orodhesha mifumo unayoisimamia, mtu anayeichukua, na hitilafu zinazojirudia. Kisha tafuta kila kinachoendeshwa kwa jina lako: kazi za usiku, tokeni za API, funguo za kupeleka msimbo, vyeti vya usalama vinavyokutumia wewe onyo la kuisha muda. Vihamishie kwenye akaunti ya huduma na uvijaribu ukiwa bado upo, kwa sababu vitakufa siku akaunti yako inapofungwa, na atakayeamshwa usiku kuvitafuta hatajua vilikuwepo.